Finjani kwa Mkono wa Kulia

Mchoro wangu ukianza kutembea mimi hupiga kelele, na wenzangu studioni wamekwishazoea. Naweza kukaa kimya tangu asubuhi, penseli mkononi, karatasi zimelala mbele yangu juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake. Halafu nazipitisha karatasi zile vidoleni, moja baada ya nyingine, haraka haraka, na mtu niliyemchora anainua kichwa. Hapo siwezi kujizuia. "Yu hai!" napiga ukelele, na mwenzangu wa kompyuta, anayekaa karibu na dirisha, hutoa kisikizi kimoja sikioni na kuniuliza ni nani tena aliyefufuka leo.

Studio yetu iko ghorofa ya juu ya nyumba moja ya Mji wa Kale, mwisho wa ngazi zilizosimama wima hata mgeni hufika hana salamu, ana pumzi tu. Zamani palikuwa stoo ya majora ya vitambaa, na mkuu wetu, mtoto wa mwenye stoo, hajaacha tabia za dukani. Mchoro ukimridhisha huupapasa kwa kidole gumba kama apimaye hariri. Watu hudhani katuni hutoka kwenye kompyuta yenyewe, mtu abonyeze tu, na wakisema hivyo mbele yangu damu hunichemka. Kwetu kila kitu huanza na sauti. Wasemaji wanakuja, tunafunga madirisha, tunangoja adhana iishe na tuktuk zipite, ndipo tunarekodi. Sauti ikipatikana tunachora kwa penseli, kwenye karatasi zenye matundu yanayoshikwa na vigingi ili zisicheze. Mimi huanza na michoro mikuu: hapa mtu anaanza, hapa anafika. Kisha najaza katikati, mchoro kwa mchoro, na sekunde moja ya filamu hula michoro kumi na miwili. Mwenzangu huipitisha kwenye skana, akaisafisha, akaitia rangi kwenye kompyuta na kuiweka juu ya mandhari. Nusu ni mkono, nusu ni mashine, na hakuna nusu iliyo na haki ya kuringa, ingawa mimi huringa.

Mwenzangu huyo ni Mgiriama anayekaa Likoni. Asubuhi akishuka kwenye feri hakimbilii tuktuk kama wenzake. Husimama kando ya wauza mihogo ya kukaanga, akawatazama watu wakipanda mteremko wa kutoka kivukoni, na akifika studioni hutuigizia.

"Leo nimempata mmoja," atasema, "amebeba kuku, lakini aenda kama aliyebeba trei la mayai."

Sote huinuka tukaujaribu mwendo huo kati ya meza, mpaka mkuu wetu naye anaingia kwenye foleni na kitambi chake. Tunacheka, kisha tunachora. Sijui kazi nyingine ambapo watu wazima hulipwa kwa kutembea kama mwenye kuku.

Filamu ninayotaka kuieleza ilikuwa fupi, ya watoto, iliyoagizwa na stesheni moja ya televisheni. Ni hadithi ya msichana mdogo anayeogopa kuwapelekea wageni kahawa siku ya Idi, na mamake anamwonyesha jinsi inavyofanywa. Hakuna jini, hakuna vita. Kitendo kikubwa kabisa ni mama huyo kuingia sebuleni, kumimina kahawa, kisha kugeuka na kumpa bintiye finjani ya kwanza. Sisi watazamaji tuko mahali pa yule binti, kwa hivyo finjani inatujia sisi, inakua, inakua, mpaka inajaza picha nzima. Mkuu wetu alipouliza nani atamchora mama, nilikuwa nimeshasimama kabla hajamaliza kuuliza.

Nilisimama kwa sababu ya mamangu. Sisi ni watu wa Bondeni, na kwa miaka mingi hapakuwa na shughuli ya wanawake mtaani kwetu, arusi wala maulidi, ambayo mamangu hakuitwa kumimina kahawa. Dele, lile birika refu la shaba, mkono wa kushoto. Finjani mkono wa kulia, zimepandana vidoleni. Alimimina kutoka juu, kahawa ikashuka nyembamba kama uzi, tone lisianguke. Kisha ule mkono wa kulia ukatoka polepole, ukapinda kidogo kwenye kifundo, ukasimama mbele ya mgeni pale pale ulipotakiwa. Wanawake walikuwa wakisema kahawa yake si kahawa, ni mkono. Mimi, mdogo, nilitembea ubavuni kwake upande wa kulia nimebeba sahani ya halua, na nilijiona mtu mkubwa sana.

Kisha mamangu akapata kiharusi. Maneno yalimrudi, alhamdulillahi, na mguu ukarudi nusu, lakini mkono wa kulia haukurudi. Aliacha kwenda shughulini. Jamaa wakija kumbusu mkono, kama ilivyo ada yetu kwa wakubwa, aliusukuma chini ya leso na kuwatolea shavu. Hata kumimina chai mbele ya wageni alikataa, kwa sababu angelazimika kuwapa kwa kushoto. Kwangu mimi peke yangu hakuona haya.

Na haikuwako picha hata moja ya mkono ule ukifanya kazi. Katika shughuli zetu simu huachwa mlangoni, hakuna kupiga picha, na mimi mwenyewe nimewahi kugombana na wasichana wanaozificha ndani ya buibui. Basi ule mwendo ulikuwa umebaki kichwani mwangu na mwa wanawake wachache wa Bondeni, na pale tu. Nilitaka kitu kimoja, nikakitaka kwa pupa: mamangu auone mkono wake ukienda tena.

Nilichora kama mwenye homa. Nilijifunga leso, nikachukua birika la chai la studio, wenzangu wakaketi kwenye mkeka wakawa wageni, nami nikawamiminia maji baridi mpaka wakaomba msamaha. Nilichora bega, nikachora kiwiko, nikafuta kifundo cha mkono mpaka karatasi ikachanika. Siku karatasi zile zilipopita vidoleni na ule mkono ukatoka, ukapinda, ukasimama, sikupiga kelele. Nilikaa nikilia kimya kimya, na mwenzangu wa kompyuta akatoa visikizi vyote viwili.

Wakati huo wachora mandhari walikuwa wamemaliza nyumba nzima, na mkuu akaamua kuwa mlango wa sebule uwe kulia kwa mtazamaji, wageni wakae kushoto. Mama niliyemchora alikuwa akija kutoka upande mwingine. Mwenzangu akasema si neno. Alibonyeza, na michoro yangu yote ikageuka kama inavyogeuka kwenye kioo, mama akawa anatokea mlangoni sawasawa na kuwaendea wageni sawasawa. Mkuu alipapasa skrini kwa kidole gumba. Tulikuwa na haraka, tulikuwa na furaha, na sote tulisema inafaa. Mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Tuna desturi yetu. Kabla filamu haijapelekwa kwa wenyewe, mkuu hutundika shuka jeupe ukutani na kuwaita majirani na jamaa waje kuiona. Hapo ndipo tunapojua mzaha gani umekufa. Safari hii niliapa mamangu atakuja.

"Nije nikakae na watu nifanye nini?" aliniuliza.

"Kuna mtu nataka umuone."

"Nani?"

"Njoo utamuona."

Alikuja. Tulimpandisha zile ngazi baada ya alasiri, mimi nyuma yake, mwenzangu wa kompyuta mbele akimwongoza kidato kwa kidato, naye akisimama kila mara kupumua na kulaumu. "Mwanangu, hizi ni ngazi ama ni mnazi?" Huko juu wanawake wa Bondeni walimpokea kwa vifijo. Walikuwa hawajamuona katika mkusanyiko tangu maradhi. Jirani yetu mmoja, mwanamke mkubwa aliyekuwa akimshikia sinia zamani, aliinama kumbusu mkono, na mamangu akauficha chini ya leso akatoa shavu.

Filamu ikaanza. Watoto walicheka pale palipotakiwa kuchekwa, na mahali pengine ambapo hatukupatazamia, jambo ambalo ni bora zaidi. Mwendo wa mwenye kuku, tuliomvika mgeni mmoja wa Idi, uliangusha watu. Kisha mama akatokea mlangoni na dele lake, na yule jirani akapiga paja.

"Ni weye, dada! Wallahi ni weye!"

Mama wa kwenye shuka akamimina. Akageuka. Finjani ikaja, ikakua, ikajaza ukuta, na chumba kizima kikapiga makofi. Mimi sikuwa natazama shuka, nilikuwa namtazama mamangu. Hakupiga makofi. Alikuwa amekunja uso kama atiaye uzi kwenye sindano.

"Rudisha hapo," alisema.

Mwenzangu akarudisha.

"Rudisha tena. Huyo yuwapa watu kwa kushoto."

Nilitazama, na ndipo nilipoona. Dele kulia, finjani kushoto! Mwenzangu alipogeuza michoro aligeuza kila kitu, na mikono ikabadilishana kazi. Kwa kuwa kumimina kwa mkono wa kulia ni jambo la kawaida kwa macho, wenzangu walitazama dele wakaridhika, hawakufuatilia finjani. Lakini mimi? Mimi niliyeuchora? Nilijua sababu hapo hapo, na ilinichoma. Tangu maradhi yale, kila kikombe cha chai nilichokunywa asubuhi kwetu kilitoka mkono wa kushoto wa mamangu. Jicho langu lilikuwa limeshazoea kumuona hivyo.

Mkuu wetu alianza kuomba radhi, jasho linamtoka. Yule jirani akamkatiza kwa sauti ya upole. "Sisi twaliona, lakini twalidhani mwakusudia. Kwa ajili ya mkono wa mamake huyu."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Nilitamani zile ngazi zinimeze. Mamangu yeye alikuwa ametulia, bado analitazama shuka.

"Mimi ni mgonjwa, nimesameheka," alisema. "Huyo pale ni mzima. Mpeni mkono wake."

Siku iliyofuata ya kazi tulikuwa kwenye meza kabla mkuu hajafungua madirisha. Stesheni ilikuwa inangoja na siku za kukabidhi zilikuwa zimetukaba. Kugeuza tena michoro haikuwezekana, maana mama angewapa wageni mgongo na kuuendea mlango, na nyumba nzima imeshatiwa rangi. Mwenzangu akajaribu ujanja wa kompyuta. Alikata finjani akaiweka mkono mwingine, akakata dele akalihamisha. Tukaitazama. Mwili ulikuwa bado unaegemea upande wa zamani, bega linatoa kitu ambacho mkono haunacho. Alionekana kama mtu aliyevishwa mikono ya jirani.

"Si yeye," mwenzangu alisema, akafuta kazi yake mwenyewe bila kuambiwa.

Ikabidi nimchore upya, mama mzima, kuanzia karatasi ya kwanza. Na hapo nikakwama. Sasa mama alikuwa anaelekea kushoto, kwa hivyo mkono wake wa kulia ulikuwa upande wa mbali, umefichwa na mwili. Ulitakiwa kutokea huko nyuma, upite mbele ya kifua, ndipo anapogeuka kutupatia finjani. Mimi sikuwahi kuuona ukitokea. Maisha yangu yote nilikuwa ubavuni kwake upande wa kulia, na sahani yangu ya halua. Nilijaribu kubuni, na kila nilichobuni kilikuwa mkono wa mtu mwingine. Nilivunja penseli mbili kwa hasira na mkuu akaniondolea kikombe changu kabla sijakifikia.

"Nenda kwenu," aliniambia. "Muulize mwenyewe."

Nilibeba karatasi na ubao wangu mpaka Bondeni. Mamangu alikuwa anachambua mchele kwa mkono mmoja. Nilimweleza shida yangu, nikimwogopa kidogo, kwa sababu hatukuwa tumewahi kuuzungumza ule mkono. Nilidhani atanifukuza. Aliusukuma ungo kando.

"Kaa hapo," alisema. "Sio hapo. Kaa huku, upande wa kushoto. Huko ndiko hujui."

Nikahamia kushoto kwake. Akaitoa leso. Akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, kwenye kifundo, kama amshikaye mtoto mdogo kumvusha njia, akaupeleka. Aliupeleka nyuma kidogo ya nyonga, akausimamisha.

"Hapa wangoja. Waona bega? Bega latangulia, mkono wafuata. Msichana akitanguliza mkono amwaga."

Nikachora. Akausogeza, akausimamisha tena, nami nikachora. Penseli ilikuwa inakimbia yenyewe, maana kile alichokuwa akifanya ndicho kile kile ninachofanya mimi kila siku: anauweka mkono mahali, anausimamisha, anausogeza kidogo, anausimamisha. Alikuwa ananipa michoro mikuu, mmoja baada ya mwingine, bila kujua jina la kazi hiyo. Nilipomwambia hivyo alicheka mpaka akauachia mkono, ukaangukia pajani, na kwa mara ya kwanza hakuufunika.

"Basi na mimi mniandike kazi huko," alisema. "Lakini mshushe zile ngazi."

Tulifanya hivyo kila alasiri mpaka tukamaliza. Akanigombeza kwa vidole, maana nilivichora vinene. Akanigombeza kwa kifundo. Akaniambia macho ya mmiminaji hayatazami kahawa, yamtazama mgeni, na kumbe miaka yote ile sikuwa nimelijua hilo, kwa kuwa kutoka kule ubavuni sikuwahi kuona macho yake yanatazama wapi. Studioni wenzangu wote waliacha kazi zao wakanisaidia michoro ya katikati. Mkuu wetu, ambaye hakuwa ameshika penseli kwa muda mrefu, alichora mikunjo ya leso, na hakuna aijuaye leso kumshinda mwana wa muuza vitambaa.

Sikungoja rangi. Michoro ilipokuwa ingali ya penseli tu, mistari myeusi kwenye weupe, mwenzangu aliipitisha kwenye skana, akanitilia kwenye tableti, akaamua kunifuata mpaka Bondeni aone mwenyewe. Tulimkuta mamangu ameketi mkekani. Nikaisimamisha tableti mbele yake, juu ya mto, nikabonyeza.

Mama wa penseli akatokea mlangoni. Dele mkono wa kushoto. Alimimina kutoka juu, macho kwa mgeni. Bega likatangulia, na kutoka kule nyuma ya mwili ule mkono wa kulia ukatokea, polepole, ukapita mbele ya kifua, ukapinda kidogo kwenye kifundo. Mama akageuka kwetu, na finjani ikaanza kuja.

Mamangu aliutwaa mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akauinua kutoka pajani, akaunyoosha mbele ya tableti, kiganja kimefunguka, kupokea.

"Bismillahi," alisema.